Gesi mara tatu ndani ya miezi minne! Mafundi wa AC Kisumu, mnatuona wajinga?

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Chumbani kwa mamangu hapa Milimani kuna AC ya ukutani, nguvu yake ya kupoza BTU 12,000. Mama ana miaka 78 na presha, na joto la Kisumu la Januari na Februari mnalijua, saa nane mchana mpaka ukuta unachoma mkono. Novemba ikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Kabla hamjauliza: rimoti iko kwenye baridi, digrii 24, na filta naosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili.

Fundi akaja, akafunga geji, akasema "gesi imeisha." Akajaza, nikatoa 6,500. Baada ya wiki tano, joto lile lile. Akarudi, akajaza, 6,500. Februari nikalipa mara ya tatu, kwa sababu mama alikuwa ameanza kulala sakafuni akitafuta ubaridi wa simiti.

Gesi ya AC haiishi, jamani! Si mtungi wa kupikia. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inachukua joto chumbani, inalitoa nje, inarudi. Ikipungua, inavuja. Nilipomuuliza inavujia wapi akanijibu, "Hizi mashine huwa hivyo, mama." Huwa hivyo! Elfu kumi na tisa na mia tano zimetoka mfukoni mwangu, halafu huwa hivyo.

Wiki jana nikachanganya sabuni ya vyombo na maji, nikapaka kwa sponji kwenye nati za mabomba ya shaba, ile mashine ya nje. Nati ya bomba nene ikaanza kutoa povu papo hapo. Sikuhitaji geji wala cheti.

Nikamwita kijana mwingine kutoka Kondele. Akatoa gesi iliyobaki, akakata ncha ya bomba iliyokuwa na ufa, akaitanua upya na kukaza. Kisha akafunga pampu akanyonya hewa yote iliyokuwa mabombani, karibu nusu saa, ndipo akajaza gesi akiipima kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Yule wa kwanza sijawahi kumwona na mizani, alikuwa anakisia tu! Kijana akaosha pia mapezi ya mashine ya nje, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto. Wale wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa humo kama blanketi, joto halina pa kutokea. Mara tatu mtu alisimama mbele ya uchafu ule na hakusema neno.

Tena gesi yenyewe ni R-410A, ambayo kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu mbili kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Yote iliyovuja imepotelea angani.

Sasa mama analala kitandani mwake. Fundi wa kwanza nimempigia mara tisa nikidai pesa zangu, anakata simu. Kuna yeyote hapa aliyewahi kurudishiwa na fundi wa aina hii? Ulianzia wapi? Risiti zote tatu ninazo.