"Kaangalieni rejista"! Mheshimiwa katutukana mchana kweupe

Mlipakodi Halali:
Wakuu, mnamjua. Simtaji, mods (wasimamizi wa jukwaa) wasije wakaufunga uzi. Ni mbunge yule yule ambaye akisimama kuchangia, maikrofoni yenyewe inatamani kuomba mwongozo wa Spika.

Kaulizwa swali jepesi: una mali gani? Akacheka. Akacheka hadi miwani ikataka kudondoka, ndipo akajibu: "Tamko nimeshapeleka. Mnaotaka kujua, kaangalieni rejista."

KAANGALIENI REJISTA!

Anajua fika kwamba rejista ile ya matamko ya mali za viongozi haifunguliwi kwa kubisha hodi. Kwa Sheria yetu Tanzania ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, kwanza uwe umepeleka lalamiko kwa Kamishna wa Maadili. Kamishna aridhike kwamba una nia njema na kwamba unachotaka kusoma kinahusu lalamiko lako. Ulipe ada. Ndipo usome, na ukishasoma huruhusiwi kwenda kuyatangaza. Sasa nilalamike kwa ushahidi gani, wakati ushahidi umo kwenye jalada nisilolifungua mpaka nilalamike? Na mtu anacheka!

Wala hajatufanyia hisani kujaza. Kifungu cha 9 kinamtaka atoe tamko ndani ya siku 30 tangu ashike wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka ampe Spika nakala 2 za taarifa ya mali zake na za mwenzi wake. Akipitisha muda, ibara ya 71 inamvua ubunge. Kajaza kwa kuogopea kiti! Halafu sisi ndio wa kuambiwa kaangalieni rejista, kwa kicheko kile!

Kabwela_og:
Povu ndoo nzima. Sheria ipo tangu 1995, wewe ndiyo unaamka leo?

Jalada Wazi:
Hata ukifunguliwa, mkuu, utakuta nini? Tamko linahusu mali zake, za mwenzi wake na za watoto wasiozidi miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kampuni ikiandikishwa kwa jina la shemeji au la mtoto wa miaka 19, huioni.

Kazi yenyewe ni kulinganisha tamko la mwaka huu na la mwaka jana. Mali imeongezeka kiasi gani, na je, mshahara, posho na mikopo vinaweza kulibeba ongezeko hilo? Mimi ningeanza na ukurasa wa madeni. Nyumba iliyozuka ghafla huhalalishwa kwa "mkopo kutoka kwa rafiki" usio na mkataba, usio na riba, wala ratiba ya marejesho.

Mlipakodi Halali:
Nakubali, mkuu. Lakini KACHEKA! Mbele ya kamera!

Kabwela_og:
Mpe tuzo ya uchekeshaji, tulale.

Nyali Juu:
Nyinyi afadhali, tamko kila mwaka. Kwetu Kenya ni kila miaka 2. Katikati hapo mtu ananunua ploti, anaiuza, pesa zinaisha, na kwa fomu hakuna kitu.

binti_hesabu:
Mnahangaika na fomu wakati kuna Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mbunge mwenye maslahi kwenye jambo anatakiwa ayataje kabla ya kuchangia. Anatetea bajeti ya barabara na ana hisa kwenye kampuni ya kokoto? Chukua Hansard ya siku hiyo, soma sentensi zake za mwanzo. Hiyo hulipii ada wala huombi ruhusa ya Kamishna.

Kata ya Mwisho:
Wabunge, wabunge! Sheria hiyo hiyo inambana diwani, mwenye posho tu, na hamna anayemhurumia. Shamba la urithi lisilo na hati alithaminishe vipi? Akikadiria chini anaitwa mwongo. Akikadiria juu, mwakani anaulizwa thamani imekwenda wapi.

Jalada Wazi:
Aandike ukubwa kwa ekari, kijiji lilipo, mwaka aliolipata na kwamba ni urithi. Thamani aandike "makadirio" na ataje alivyoyapata, mfano bei ya ekari moja iliyouzwa jirani. Mwakani atumie njia ile ile. Na aombe hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa halmashauri ya kijiji.

Kata ya Mwisho:
Kijiji chenyewe hakina cheti cha ardhi ya kijiji, hiyo hati ya kimila itatoka wapi?

Kabwela_og:
Hapo sasa umegusa. Sisi mpaka na kijiji jirani haujapimwa, kila mwenyekiti anayeingia anauhamisha.