Mjadala: Mapafu ya panya yatoshe kuondoa sigara ndani ya nganda (baa) za Bukavu?

Mpinzani, Kadutu: Ndugu zangu, mnataka kukataza sigara ndani ya nganda kwa ushahidi wa panya. Panya anapumua kwa pua tu, mtu anavuta kwa mdomo. Tena tezi za makamasi za panya ziko kwenye koo la hewa, hazishuki kwenye matawi ya mapafu. Kikohozi cha mvutaji, chenye makohozi kila asubuhi, kwake hutakiona vizuri. Na hapa kwetu kila nyumba ina mbabula, jiko la makala. Mtatenganisha vipi moshi na moshi?

Mwalimu wa biolojia, Ibanda: Kuhusu tezi, umesema kweli. Panya hafai sana kwa bronkaiti, yaani kikohozi hicho cha makohozi. Emfisema, yaani kuharibika kwa kuta za vifuko vya hewa vya mapafu, ni habari nyingine, na mbabula ndiyo sababu ya kumtumia panya: panya wa ukoo mmoja, chakula kimoja, wengine wanapewa moshi, wengine hewa safi. Mwaka 1997 huko Marekani walipewa moshi wa sigara mbili kwa siku, siku 6 kwa wiki, hadi miezi 6. Moshi unaita makrofaji, chembe za ulinzi wa mwili, hao wanamwaga elastasi, kimeng'enya, nayo inakata nyuzi zinazoshika kuta za vifuko vya hewa. Panya waliozaliwa bila jeni ya elastasi hiyo walivuta moshi uleule, lakini emfisema hawakupata. Ondoa mkasi, kitambaa kinabaki kizima.

Fundi wa maabara, Nguba: Lakini mwangalie pafu lilivyopimwa! Linajazwa formalini, dawa ya kuhifadhi, kwa shinikizo moja, mara nyingi sentimita 25 za maji, ndipo linakatwa vipande vyembamba na kupimwa umbali kati ya ukuta na ukuta wa vifuko vya hewa. Ukuta ukipasuka, umbali unakua. Shinikizo likipungua, pafu linasinyaa na uharibifu unajificha. Likizidi, hata pafu lenye afya linaonekana bovu. Utafiti usiotaja shinikizo, mimi siutegemei.

Mpinzani, Kadutu: Emfisema nimekubali. Ila panya alifungiwa ndani ya moshi. Mteja wa meza ya jirani anapata kidogo.

Mwalimu wa biolojia, Ibanda: Kipimo kinatofautiana, ndiyo. Lakini moshi wa ncha inayojiwakia kwenye kisahani cha majivu unaungua kwa joto dogo, na kwa kila gramu ya tumbaku unatoa monoksidi ya kaboni na amonia nyingi kuliko ule anaovuta mwenyewe. Na mteja anarudi nyumbani. Dada anayegawa chupa anabaki humo mpaka nganda ifungwe, kesho tena.