Nikiingia darasani mwalimu anaficha fimbo. Data hii niitupe?

Binti_Moro: Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa tatu saikolojia, utafiti wangu ni ugomvi wa watoto wa chekechea wakati wa kucheza. Nimechagua ushuhudiaji maana mtoto wa miaka minne hojaji utampa ya nini? Siku ya kwanza nikakaa pembeni na daftari, wakanizunguka wote: "Anti, na mimi niandike!" Mwalimu fimbo kaisukumia nyuma ya kabati, sauti imelainika mpaka watoto wanamshangaa. Siku ya tatu fimbo ikarudi mezani. Siku mbili za mwanzo nizifute? Halafu mwenzangu kahesabu ugomvi 14, mimi 6. Uwanja uleule, nusu saa ileile!

Kibao_Mbele: Si ujifiche tu dirishani?

Mzee_wa_Daftari: Kibao, wazazi wameridhia utafiti, hawajaridhia mtu wa kuchungulia dirishani.

Binti, usifute kitu. Andika kwamba fimbo ilirudi siku ya tatu, hiyo nayo ni data. Ila kwenye hesabu ya ugomvi anzia walipokuzoea. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga na mama zao, alipokuwa Uganda mwaka 1954 na 1955 alifuatilia familia 26 vijijini karibu na Kampala, akirudi kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari, kwa miezi kama tisa. Ndipo akaona mtoto anatambaa, anageuka kumtazama mama, anaendelea na safari yake. Angekaa siku mbili angeondoka na daftari la watoto wanaomlilia mgeni.

Hiyo 14 kwa 6 ndiyo kubwa. Ugomvi kwenu ni nini?

Binti_Moro: Yeye kila kusukumana anahesabu, hata wakicheka.

Mzee_wa_Daftari: Basi kaeni muandike kabla ya kurudi uwanjani: kupiga, kusukuma au kunyang'anya, na mwenzake akalia, akarudishia au akakimbia. Na msilinganishe jumla tu. Mnaweza kupata 10 kwa 10, kumbe kila mtu kaona matukio yake. Gaweni nusu saa vipande vya sekunde 30, kila kipande ndiyo au hapana, kila mtu na karatasi yake bila kuchunguliana. Kisha mpige kappa, kipimo cha mnavyokubaliana kinachoondoa makubaliano ya bahati.

Binti_Moro: Asante mzee wangu. Nimemwambia, anabisha kwamba kucheka ukimsukuma mtu ndiyo ugomvi wenyewe. Kwao wamezaliwa wavulana saba.