Mashine ya Mzee: gumzo la familia, Jumapili jioni

Baba Mkubwa (Dar): Wapendwa, poleni na majukumu. Nimekaa na hesabu za Mzee. Bima ya Vicky inalipa mashine ya kumsafisha damu badala ya figo, tunamshukuru Mungu. Lakini gari la kumtoa Marangu hadi hospitali ya KCMC, Moshi, na kumrudisha ni 60,000, mara 3 kwa wiki. Kwa mwezi tunakaribia laki 8. Napendekeza tumpangie chumba Moshi, Rau au Soweto, akae huko moja kwa moja. Kesho nampigia mwenye nyumba.

Baba Mdogo Godi: Naunga mkono, kaka. Chumba pamoja na binti wa kumpikia havifiki nusu ya hiyo.

Shangazi Ndeshi: Mzee mwenyewe ameulizwa?

Baba Mkubwa (Dar): Ndeshi, Mzee anaumwa. Tukianza kumuuliza mgonjwa kila kitu hatutafika.

Nuru: Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme kabla mwenye nyumba hajapigiwa, maana hili ndilo nililosomea.
Hesabu ya Baba Mkubwa iko sawa kwa fedha zinazotoka mfukoni. Ila mashine ni saa 4 kila awamu, awamu 156 kwa mwaka, na Babu akitoka pale anakuwa hoi mpaka kesho yake. Siku zinazobaki ni chache, na ndizo anazoishi. Tukimhamishia mjini kuokoa nauli, tujue kwanza tunagusa nini kwenye hizo siku.
Wachumi wa afya wana kipimo chao. Mwaka wa afya kamili wanaupa 1, kifo 0, mwaka wa mtu anayeugua unaangukia katikati. Uingereza, taasisi ya NICE inakitumia kuamua tiba ipi ilipiwe na serikali. Marekani sheria yao ya afya ya 2010 iliizuia Medicare, bima yao ya serikali kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, kukitumia kama kigezo cha kulipia tiba, kwa sababu watu waliogopa wazee na wenye ulemavu watapewa namba ndogo halafu wanyimwe. Hofu hiyo naielewa, na sitaki mtu ampe Babu namba. Nayataka yale maswali yanayotangulia namba. Ni matano tu: anatembeaje, anajiogesha na kujivisha mwenyewe, anafanya shughuli zake, ana maumivu gani, ana wasiwasi au huzuni kiasi gani.
Shangazi Ndeshi, muulize leo, mkiwa wawili. Mwisho umwulize: nini kikipungua, wiki yako itakuwa na nafuu?

Baba Mdogo Godi: Na kupandikiza je? Muhimbili walianza 2017, Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa 2018. Mimi figo naitoa.

Nuru: Mungu akubariki Baba Mdogo. Kwa anayefaa, kupandikiza ni bora kuliko mashine, na baada ya miaka michache huwa hata gharama ni nafuu. Kwa Babu daktari alishasema moyo hautahimili upasuaji.

Shangazi Vicky (Arusha): Nami niongeze. Watu wakisikia bima inalipa wanadhani ni bure. Mimi nakatwa 3% ya mshahara, mwajiri anaweka 3%, na Mzee nilimwandikisha kama mzazi. Sijutii hata senti. Lakini bima hailipi barabara, wala hailipi Ndeshi kufunga duka lake Himo siku 3 kila wiki. Kaka, hilo duka kwenye hesabu yako sijaliona.

Baba Mkubwa (Dar): Kweli halimo. Ndeshi, siku ukifunga unapoteza kiasi gani?

Shangazi Ndeshi: Tuliache kwanza. Nakwenda kumpa Mzee chakula, nitarudi.

*(saa 3:10 usiku)*

Shangazi Ndeshi: Nimerudi. Tumekaa jikoni, wajukuu nimewatoa nje.
Kutembea: anafika zizini na fimbo yake, anapumzika kwenye kile kigogo, anarudi. Kuoga anaoga mwenyewe, mgongo tu ndio nampa mkono.
Shughuli: hapa alipandisha sauti. Anasema tumemnyang'anya ng'ombe. Anataka kukata majani hata ya kubeba kwa mkono mmoja.
Maumivu: misuli ya miguu inakaza mwisho wa mashine, analia kimoyomoyo. Na anawashwa mwili mzima usiku. Kumbe lile gunzi la mahindi chini ya mto ni la kujikunia! Mimi nilidhani watoto wamelisahau.
Huzuni: anasema tukiwa na daktari tunaongea juu yake, yeye amelala pale pale, kama gunia.
Safari haimsumbui. Kule ana wenzake, mzee mmoja wa Kibosho na mama wa Mwika, wanataniana mpaka manesi wanacheka. Kinachomtesa ni kiu na huko kuwashwa. Mjini hataki.

Baba Mkubwa (Dar): Kuwashwa? Mbona hajawahi kuniambia.

Shangazi Ndeshi: Kaka, ukipiga unamuuliza kama amemeza dawa.

Nuru: Asante sana Shangazi. Sasa tuna cha kufanyia kazi.
Kiu: tuanze na chumvi. Akila chumvi anapata kiu, akinywa maji hayana pa kutokea kwa kuwa mkojo umepungua, yanajaa mwilini. Kisha mashine inayavuta yote ndani ya zile saa 4, na kuvuta maji mengi kwa haraka ni sababu kubwa ya misuli kukaza. Kwa hiyo supu ya chumvi nyingi, dagaa wa chumvi na vile viungo vya pakiti vitoke. Haigharimu shilingi, na huenda ikampa nafuu kuliko chumba cha Rau.
Kuwashwa ni jambo la kawaida kwa wa figo na lina tiba. Aseme mwenyewe kwa daktari, waangalie na fosfeti, madini yanayojaa kwenye damu figo zikishindwa.
La kuogopa zaidi ni Ijumaa mpaka Jumatatu. Ndio muda mrefu kuliko yote bila mashine, na hapo katikati kuna Jumapili, wageni na mbege. Mbege ni maji, na tena ni ndizi.

Shangazi Ndeshi: Ndizi pia jamani? Mzee wa Marangu umnyime mtori?

Nuru: Ndizi zina potasiamu, ikizidi inasimamisha moyo. Lakini si kumnyima kabisa. Menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga yale maji, ndipo upike. Kiasi chake akupe mtu wa lishe pale hospitali.
Na kuna jambo naliandika kwa uzito. Huenda siku ikafika Babu akasema mashine imetosha. Akisema hivyo asionekane amekata tamaa, wala sisi tusionekane tumemtupa. Kuna tiba shufaa, ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hospitali ya Selian huko Arusha wanaifanya vizuri. Naomba siku hiyo tumsikilize.

Baba Mkubwa (Dar): Nuru, hilo sitaki kulisoma leo.

Nuru: Sawa Baba Mkubwa. Naliacha.

Shangazi Vicky (Arusha): Huyo mama wa Mwika anakwenda na gari gani? Njia ni moja, anapita hapo hapo Marangu Mtoni. Tuchangie gari moja, nauli inakatika nusu.

Baba Mdogo Godi: Vicky umetoa jambo. Na Kelvin achukue Jumatano, Ndeshi afungue duka.

Kelvin: Jumatano naweza. Hata kesho nipo.

Baba Mkubwa (Dar): Haya. Mwenye nyumba simpigii. Ndeshi, kesho Mzee akiamka mpe simu, nataka kuongea naye mwenyewe. Na daktari akija, simu iwe mkononi mwa Mzee, aeleze yeye. Kelvin, utafika saa ngapi?

Kelvin: Saa 12 kamili asubuhi. Nimpitie na mama wa Mwika?

Shangazi Ndeshi: Mwanawe bado hajajibu. Njoo kwetu kwanza.