Dada kaambiwa ana karsinoidi ya pafu, hii ni kansa kweli au vipi?

Mdogo_wa_mwisho:
Habari zenu wakuu, naombeni mwenye uelewa anisaidie maana hapa nyumbani hatulali. Dada yangu ana miaka 34, sigara hajawahi kuigusa, mwaka wa pili huu anakohoa na mara moja moja inatoka damu, mwanzo ilikua kidogo kama kijiko cha chai ila mwezi uliopita ilifika nusu kikombe ndo tukashtuka. Aliambiwa TB, makohozi yalipimwa hayakuonesha kitu ila akaanzishiwa dozi hivyo hivyo, kameza miezi sita yote, mkojo rangi ya chungwa mpaka akawa anaona aibu kutumia choo cha ofisini, na kikohozi kiko palepale. Tukahamia kwingine wakasema pumu, akapewa pampu. Juzi ndo wamemwingizia kamera ya njia ya hewa wakakuta kinyama kwenye bomba la pafu la kulia, majibu ya biopsi (kipande cha hicho kinyama walichokata kupima) yameandika karsinoidi tipiko. Daktari kasema "ni kansa lakini sio ile kansa", hapo hapo akaitwa wodini, tumebaki na hiyo sentensi. Mama keshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe. Anaanza kemo? Pafu lote linatolewa?

Nesi_wa_zamu_ya_usiku:
Pole sana. Nimekaa wodi ya kifua miaka kadhaa ngoja nijaribu. Daktari hakukosea, ni kansa, ila ni ya polepole mno. Inaanzia kwenye seli zinazotoa homoni kwenye ukuta wa njia ya hewa, na kwenye kansa 100 za mapafu hizi utakuta 1 au 2 tu, ndo maana hata wahudumu wengi hawaifikirii. Kwa kamera inaonekana kama tunda dogo jekundu, laini, lina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo damu anayokohoa inatoka hapo. Na kwa vile kinyama kimeziba bomba, kifua kinapiga filimbi, mtu anasema pumu, lakini msikilize vizuri: pumu inalia pande zote, hii inalia upande mmoja. Au nimonia inayorudi sehemu ile ile kila baada ya miezi miwili mitatu.

Nenda na karatasi ya majibu uangalie na daktari vitu viwili, idadi ya seli zinazogawanyika na kama kuna tishu iliyokufa. Tipiko ni chini ya seli 2 kwenye milimita 2 za mraba na tishu iliyokufa hakuna. Zikiwa 2 mpaka 10, au tishu iliyokufa ipo, hiyo ni atipiko, ina tabia mbaya zaidi na inapenda kwenda kwenye tezi za limfu.

Kemo sio ya kukimbilia, hizi haziisikii sana kwa vile seli zinagawanyika taratibu. Dawa kubwa ni kisu.

chuma_cha_reli:
Nchi hii ukikohoa wiki mbili wewe ni TB, ukipinga ni pumu 😀 pole kwa dada

MamaPacha:
Mimi nilitolewa hiyo hiyo tipiko miaka minne iliyopita, kushoto. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, mimi wamechukua sehemu moja na tezi za jirani wakapeleka kupima. Ikikaa pazuri wanaweza hata wasitoe sehemu nzima, wanakata kile kipande cha bomba chenye uvimbe halafu wanashona ncha na ncha, kama fundi anavyofupisha mkono wa shati. Kwa hiyo dada aulize hilo kabla hajasaini fomu, na aulize daktari wa upasuaji wa kifua, sio wa upasuaji wa jumla. Kemo sikupewa hata tone. Wengi wa tipiko, kama 9 kati ya 10, miaka mitano baadae wapo, ila siti skani napiga kila mwaka maana inaweza kurudi hata baada ya miaka mingi.

Siku ya tatu walinipa chupa yenye vimpira vitatu ndani nivute pumzi vipande juu, nililia kwa maumivu ila vuta tu, asiache.

Mdogo_wa_mwisho:
Asanteni jamani. MamaPacha ulikua unapata joto usoni na kuharisha? Nimesoma mahali kwamba ni dalili, dada hana.

Nesi_wa_zamu_ya_usiku:
Za kwenye pafu ni chache zinazoleta hiyo, inakuja zaidi ikishafika kwenye ini. Nyingine chache zinatoa homoni inayonenepesha uso na kupandisha presha na sukari. Ikisambaa ndo kuna sindano za oktriotidi za kila mwezi, au vidonge vya everolimusi ambavyo Marekani waliviruhusu kwa karsinoidi za mapafu 2016, bei yake usiulize. Kwa dada tuombe isifike huko, siti skani ya kifua na tumbo itawaambia.

Mdogo_wa_mwisho:
Siti skani ni Jumanne. Nimempigia mama, ng'ombe wasubiri kwanza tujue bei ya upasuaji, kasema sawa ila yule mteja keshalipa wa kwanza.