ACT 30, baba hataki kutoa karatasi za kodi: fedha za chuo nitapataje?

BintiNyarugusu (4 Septemba)

Hamjambo wote. Niko Louisville, Kentucky, mwaka wa mwisho wa haiskuli. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukafika hapa nikiwa na miaka tisa. Tuko watoto saba, mimi wa pili. Wastani wa alama (GPA) 3.9, mtihani wa kuingilia vyuo (ACT) 30. Baba anakata nyama kiwandani zamu ya usiku, mama anasafisha vyumba hotelini. Sote tuna grinikadi.

Kaunsela wa shule ana wanafunzi wengi mno, nimempata dakika kumi tu, akaniandikia majina ya tovuti kwenye karatasi. Kanisani kuna mtu anataka dola 400 atutafutie "skolashipu za wakimbizi". Na kubwa kuliko yote: baba hataki hata kulisikia jina la FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Anasema ni deni la serikali, ndugu yake yuko Texas analipa mpaka leo. Nikimwomba karatasi za kodi anasema "tutaongea Jumapili", na Jumapili analala. Tena nasikia mahakama imewafungia weusi mlango wa vyuo vikubwa. Je, nimechelewa?

mkoba_mwekundu

Kwani huko si wanawapa wacheza kikapu? Mimi niko Dar, huku tunasubiri boom tu, sina la kukushauri. Ila hizo 400 usitoe, mdogo wangu.

MfungaMifagio

Hizo 400 mnunulieni mama viatu vizuri vya kazi. FAFSA ni bure. QuestBridge, mpango wa skolashipu nitakaoueleza hapo chini, ni bure. CSS Profile, fomu ya pili ambayo vyuo vingi binafsi huitaka, ni bure kwa familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000. Anayetaka umlipe ili akutafutie hela, hapo wewe ndiye mfadhili.

Nianze na baba, maana asipokubali yeye, mengine yote yamekwama. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Nikitamka "fomu ya serikali", yeye anasikia deni. Nilichofanya: nilimngoja aamke saa kumi jioni, anywe chai yake, kisha nikaweka mezani barua ya msaada wa fedha ambayo chuo kilimwandikia binti wa jirani aliyenitangulia. Sikuhubiri. Nilimsomea mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya karatasi. Hii ni ruzuku, hairudishwi: Pell Grant, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka. Hii ni kazi ya hapo hapo chuoni, unalipwa kwa saa. Hii ya chini ndiyo mkopo, na mkopo una sehemu yake ya kukubali au kukataa. "Hapa tunakataa." Aliniuliza mara tatu kama kweli inakatalika. Mara ya tatu akainuka, akarudi na mfuko wa plastiki wa karatasi za kodi. Alikuwa ameufunga mafundo mawili.

Kama wazazi wako wanajaza kodi pamoja, mmoja tu anatosha kushiriki kwenye FAFSA. Kwa hiyo baba akigoma, mama yupo. Fomu kwa kawaida hufunguka 1 Oktoba, lakini akaunti ya mzazi kwenye studentaid.gov ifungueni sasa. Jina liandike kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama karani wa kambini alimla mtu herufi mbili. Na tarehe ya kuzaliwa usijifanye kuisahihisha! Sisi wa kambini nusu yetu tumezaliwa 1 Januari. Iache hivyo hivyo.

Umechelewa? Hapana, ila usilale. QuestBridge inafunga mwishoni mwa Septemba, maana yake una wiki tatu na kidogo. Ni ya wanafunzi wanaofanya vizuri ambao nyumbani hela ni ndogo, kwa kawaida familia ya watu wanne yenye kipato chini ya dola 65,000. Unapanga vyuo hadi 15 kwa mpangilio unaoupenda, na mwanzoni mwa Desemba unaambiwa kama umeposwa, yaani kama kimojawapo kimekuchagua. Ukiposwa, ada, chumba na chakula vimelipwa miaka minne. Lakini kwa vyuo vyao vingi posa hiyo haivunjwi, kwa hiyo usiandike chuo ambacho hungekubali kwenda. Skolashipu ya Gates nayo huwa inafunga katikati ya Septemba na huchukua wachache tu nchi nzima. Jaribu ukipata nafasi, ila QuestBridge itangulie.

Bei unayoiona kwenye tovuti isikufukuze. Kila chuo kina kikokotoo chake: unaweka kipato cha nyumbani, kinakukadiria mtakacholipa ninyi. Vyuo tajiri mara nyingi ndivyo vya bei rahisi kwa maskini. Harvard, kwa mfano, tangu mwaka wa masomo 2025–26 familia yenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini, na mali ya kawaida, hailipi kitu. Kuingia ndiyo kazi.

Kuhusu mahakama: hukumu ni ya Juni 2023. Chuo hakiruhusiwi tena kukuhesabia rangi peke yake kama sababu ya kukuchukua. Ila hukumu hiyo hiyo inakuruhusu kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yako, na wao kuizingatia. Tafadhali usiandike insha ya kilio. Yangu ya kwanza ilikuwa na bunduki, mvua na machozi kila mstari, mwalimu akaniuliza, "Sasa wewe uko wapi humu?" Nikaanza upya. Niliandika siku niliyomtafsiria mama hospitalini nikiwa na miaka kumi na miwili, daktari anasema mfuko wa nyongo, na mimi neno hilo silijui kwa lugha yoyote.

La mwisho, angalia chuo cha Berea, nilikosoma mimi. Iko hapo hapo Kentucky, kusini ya Lexington. Haijadai ada ya masomo tangu 1892, inachukua hasa wanafunzi wa familia zisizo na uwezo, na kila mwanafunzi anafanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Mimi mwaka wa kwanza nilipangiwa karakana ya mifagio. Baba akapiga simu: "Nimekuvusha bahari ukafunge mifagio?" Leo mmoja anautundika sebuleni na hataki mtu aufagilie.

zamu_ya_alfajiri

Binti, mimi ni jirani yako hapo Louisville. Yakishindikana yote, kuna Metropolitan College: unapanga mizigo ya kampuni ya UPS usiku pale uwanja wa ndege, wanakulipia masomo University of Louisville au chuo cha Jefferson. Kijana wangu amepitia huko. Lakini kwa ACT 30, usianzie hapo. Hiyo iwe akiba.

MfungaMifagio

Mzee amesema kweli. Na ukipata skolashipu ndogondogo za nje, uliza chuo kwanza: baadhi yao hupunguza ruzuku yao kwa kiasi hicho hicho.

BintiNyarugusu (14 Septemba)

Asante yaya, asante mzee, na wewe wa Dar pia. Barua sikuwa nayo, nikaazima ya dada mmoja wa kwaya. Baba alisoma kile kisehemu cha mkopo muda mrefu kuliko chote. Kisha akauliza mbona huyo ndugu yake wa Texas hakuambiwa. Sikuwa na jibu.

Akaunti imefunguka. 1 Januari. Mama naye alitaka yake, 1 Januari, kompyuta ikakubali zote mbili, wakacheka mpaka mdogo wetu akaamka. Insha ya QuestBridge nimefika nusu. Ya Gates nimeiacha, muda umeniishia.

Berea tunaenda Jumamosi. Baba amebadilishana zamu. Anasema chuo kisichodai ada lazima akione kwa macho, na akawaulize mwenyewe wanakula nini.