Mpira wa meza Olimpiki, mechi za timu: kwa nini nyota hachezi wawili wawili?

Kona_ya_Meza
Wakuu, narudia kuangalia fainali za timu za Paris 2024 na mambo mawili hayajaniingia vizuri.

La kwanza, wanaume: China 3–0 Sweden. Fan Zhendong, ambaye siku tano kabla alibeba dhahabu ya mmoja mmoja, hakupangwa kwenye mechi ya wawili wawili. Walicheza Ma Long na Wang Chuqin. Kama hiyo ndiyo mechi ya kufungua, si ndipo unapomweka mtu wako mkali?

La pili, wanawake: China na Japani. Wawili wawili ilifika seti ya tano. Zilipofika pointi 5 wakabadilishana upande wa meza, sawa, lakini mpangilio wa kupokea nao ukabadilika. Hilo linaamuliwa na nani, na lina uzito gani?

Nahodha Nje
Mkuu, jibu la swali la kwanza liko kwenye herufi. Wachezaji watatu wa timu moja wanakuwa A, B, C na wa nyingine X, Y, Z. Anayeshinda kura anachagua anataka herufi zipi, kisha kila nahodha anampa refa mkuu majina yake. Ratiba ya mechi haibadiliki:

1. B na C dhidi ya Y na Z (wawili wawili)
2. A na X
3. C na Z
4. A na Y
5. B na X

Kila mechi ni seti tano, wa kwanza kushinda tatu amemaliza. Timu ikifikisha ushindi wa mechi tatu, zilizobaki hazichezwi.

Sasa hesabu. Kila mchezaji ana nafasi mbili tu. Anayecheza wawili wawili anabaki na mmoja mmoja moja, na A au X anapata mbili za peke yake. Ukimtupa nyota kwenye wawili wawili umemnyang'anya mechi moja ambayo angekuwa peke yake mezani, bila mwenzake wa kumharibia mpira. Ndiyo maana Fan alikaa nje ya mechi ya 1, akaingia ya 2 dhidi ya Truls Möregårdh, yuleyule aliyekutana naye kwenye fainali ya mmoja mmoja.

Lakini usidhani wawili wawili ni ya wachezaji wa akiba. Tazama C na Z: wako mechi ya 1 na ya 3, na hizo lazima zichezwe hata matokeo yakiwa 3–0. Mechi ya pili ya A inaweza isifike kabisa. Kwa hiyo mkali mwingine wa timu mara nyingi anawekwa hapo. Paris alikuwa Wang Chuqin: wawili wawili, halafu akamfunga Kristian Karlsson kumaliza kazi. Tokyo alikuwa Ma Long: wawili wawili na Xu Xin dhidi ya Ujerumani, kisha dhidi ya Timo Boll mechi ya tatu.

Na kuna suala la mikono. Wang ni mashoto, Ma Long anatumia kulia. Xu Xin mashoto pia. Kwenye wawili wawili lazima mpige kwa zamu, akipiga asiye na zamu pointi imeondoka. Mashoto na mtu wa kulia kila mmoja anajitoa kuelekea upande wake akishapiga, njia inabaki wazi. Wawili wa kulia inabidi wazungukane nyuma ya meza, na mpinzani akipiga mipira miwili mfululizo kwenye kona moja wanagongana.

Refa wa Mtaa
Nijibu la pili, maana hapo hata watu wanaocheza miaka mingi huchanganya.

Kila baada ya pointi 2, aliyekuwa anapokea anakuwa mwanzishaji, na mwenzake wa yule aliyekuwa anaanzisha anakuwa mpokeaji. Mpaka 10–10, kuanzia hapo kila mtu anaanzisha pointi moja. Seti ya kwanza, timu inayoanzisha inataja mwanzishaji wake, kisha wapokeaji wanachagua nani apokee. Hapo wapokeaji ndio wameamua nani anampigia nani kwa seti nzima. Kuanzia seti ya pili, timu inayoanza inachagua mwanzishaji, na mpokeaji lazima awe yule aliyemwanzishia katika seti iliyotangulia. Matokeo yake mpangilio unageuka kila seti: 1 na 3 sawa, 2 na 4 sawa.

Seti ya tano inaanza na mpangilio wa 1 na 3. Timu yoyote ikifikisha 5, mnabadilisha upande na timu inayofuata kupokea inageuza mpokeaji, kwa hiyo sehemu iliyobaki inachezwa kwa mpangilio wa 2 na 4. Uzito wake ndio huo: pointi za mwisho zinachezwa na mpangilio ambao timu moja imeshateseka nao seti mbili. Chen Meng na Wang Manyu waliwashinda Hina Hayata na Miwa Harimoto 3–2.

Mkikosea zamu na mwamuzi akagundua, anasimamisha, anarudisha mpangilio sahihi, na pointi zilizokwishachezwa zinabaki. Kwa hiyo hesabu mwenyewe, usimwachie yeye tu.

Kona_ya_Meza
Asante sana, Refa. Nahodha, basi ukishinda kura unachukua ABC siku zote?

Nahodha Nje
Timu yenye nyota mmoja na wengine wa kawaida, ndiyo, ningechukua ABC. Chukua Misri na Omar Assar, aliyefika robo fainali ya mmoja mmoja Tokyo na Paris. Akiwa A, akishinda mechi ya 2, ya 4 atacheza tu, hata wenzake wakipoteza ya 1 na ya 3. Akiwa X, matokeo yakiwa 2–1 dhidi yenu, Y wenu anakutana na A wao, akipoteza mchezo umekwisha na nyota yuko kwenye kiti.

Backhand_Baba
Siafiki kwamba ni siku zote. ABC ina shimo lake: ikifika 2–2, B wako, ambaye mara nyingi ndiye dhaifu, anakutana na X wao. Nusu fainali ya Sweden na Japani Paris ndiyo mfano. Japani iliongoza 2–0, Sweden ikasawazisha, mechi ya tano Anton Källberg, B wa Sweden, akawa na Tomokazu Harimoto, X wa Japani. Kwenye karatasi Japani ilikuwa imeshinda. Harimoto akachukua seti mbili za kwanza, Källberg akazigeuza tatu zilizofuata, Sweden fainali. Källberg aliokoa jahazi, lakini hakuna kocha anayepanga timu akitegemea hilo kila mara. Kama wawili wawili wenu ni imara na Y wenu anaweza kumsumbua A wao, XYZ inakupa nyota wa kufunga mlango.

Refa wa Mtaa
Hesabu hizi zina muda mfupi kwenye Olimpiki, lakini. Los Angeles 2028 timu za wanaume na za wanawake zimeondolewa, badala yake kuna timu mchanganyiko moja, na wawili wawili wanaume na wanawake wanarudi kama medali zao zenyewe. Wawili wawili ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, inabaki.